Daraja Halichakai kwa Siku Moja

Njia itokayo Goma kwenda Bukavu yapita Sake, kisha yafuata ukingo wa magharibi wa Ziwa Kivu, yaingia Shasha na Bweremana, yafika Minova, na kuendelea mbele hadi Kalehe. Upande mmoja wa njia hiyo ni maji ya ziwa, na upande wa pili ni milima mirefu. Kati ya maji na milima pamebaki nafasi nyembamba tu, na kila kijito kishukacho toka juu hakina budi kuikata njia kabla hakijafika ziwani. Kwa sababu hiyo mtu wa Shasha hawezi kwenda sokoni, wala hospitali, wala kumtembelea mjomba wake, asivuke daraja. Na tukipanda Masisi kuelekea Walikale, habari ni ile ile: huko ndiko iliko mito ya Lowa na Oso, na vijito visivyo na hesabu.

Juma hili twataka kuzungumza juu ya jambo moja: daraja likizeeka, lafanywaje? Nani aamue kwamba limefikia mwisho wake? Na lile jipya hujengwaje, ili wajukuu wetu walipate lingali imara?

Mtu aweza kutuambia: «Mambo hayo ni ya wahandisi na ya serikali. Sisi wakulima yatuhusu nini?» Twamjibu kwa upole kwamba yamhusu sana. Mwanzoni mwa mwaka 2024 vita vilifika Shasha, na njia ya Sake na Minova ikafungwa. Mara vyakula vitokavyo Minova na Kalehe havikufika tena Goma kwa motokaa, bei zikapanda, na watu pamoja na mizigo yao wakahamia mashuani. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua moja itokayo Minova, iliyojaa watu kupita kiasi, ilizama karibu na gati la Kituku huko Goma, mbele ya macho ya waliokuwa wakiwangoja ndugu zao. Wengi walikufa maji. Hapo, kweli, si daraja lililovunjika; ni vita vilivyoifunga njia. Lakini twajifunza jambo: njia ya nchi kavu ikikatika, kwa sababu yo yote ile, watu hawakai nyumbani wakingoja. Watatafuta njia nyingine, na mara nyingi hiyo nyingine ni ya hatari zaidi. Daraja lililoanguka lafanya vivyo hivyo, na halihitaji askari hata mmoja.

Tuanze basi na mwili wa daraja. Daraja lina sehemu tatu. Juu pana sakafu, yaani pale magurudumu na miguu vipitapo. Chini ya sakafu pana mihimili, ya mbao, ya chuma au ya zege, ichukuayo uzito wote na kuupeleka pande mbili. Na chini kabisa pana nguzo na kuta za ukingoni, zenye misingi iliyozikwa ardhini. Mpita njia huitazama sakafu tu. Akiona ubao umeoza au shimo limetokea, hulalamika. Mhandisi hushuka chini, akaitazama misingi kwanza; maana sakafu hufanywa upya kwa siku chache, bali msingi ukiondoka, daraja lote laondoka nao.

Daraja hudhoofika kwa njia nne. Ya kwanza ni kutu. Chuma kisichopakwa rangi, katika nchi yenye mvua nyingi kama yetu, huliwa pole pole, na hasa pale maji yanapotuama: kwenye viungo, kwenye parafujo, na chini ya sakafu ambapo matope hukusanyika. Hata zege haliko salama, kwa kuwa ndani yake mna nondo za chuma. Zege likipata ufa, maji huingia, nondo hupata kutu, kutu huvimba, na kuvimba huko hupasua zege zaidi.

Ya pili ni uzito. Daraja hujengwa kwa magari ya wakati wake. Tukumbuke daraja moja la Marekani, liitwalo Silver Bridge, lililovuka mto Ohio. Lilijengwa mwaka 1928, siku ambapo motokaa ya kawaida ilikuwa na uzito wa kilo 700 hivi. Kufika mwaka 1967 motokaa ya jamaa moja ilikuwa na kilo 1,800 hivi, na malori vile vile yalikuwa yameongezeka uzito. Jioni ya tarehe 15 Desemba 1967, magari yakiwa yamejaa juu yake, daraja likaanguka lote kwa mara moja. Watu 46 wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba kipande kimoja cha chuma, kimoja tu katika vingi, kilikuwa na ufa wenye kina cha milimita mbili na nusu. Ufa huo ulianzia ndani ya kiungo, mahali ambapo jicho halikuweza kuuona. Baada ya msiba huo Marekani ikatunga sheria mwaka 1968 ya kukagua madaraja, na kwa kawaida ukaguzi ukawa kila baada ya miaka miwili. Yaani iliwapasa watu 46 kufa ili wengine waanze kutazama.

Ya tatu ni miti na moto, na mikono ya watu. Daraja la mbao huoza na kuliwa na mchwa. Na daraja la chuma huibiwa. Wapo watu wafunguao parafujo na vibao vya chuma usiku, wakaviuze kwa fundi. Mtu huyo apata fedha ya mlo mmoja, na jirani yake alipa kwa maisha.

Ya nne ndiyo kuu kupita zote: maji kuchimba msingi. Mto ukijaa, maji yanayokwenda kasi hugonga nguzo, yakazunguka, yakashuka chini kama keekee, na kuondoa mchanga na changarawe zilizoushikilia msingi. Juu, daraja laonekana zima. Chini, nguzo yaning'inia. Wanafunzi wetu wakumbuke kanuni hii: mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, uzito wa jiwe ambalo maji hayo yaweza kulisukuma hauongezeki mara mbili, bali mara 64. Ndiyo sababu kijito ambacho asubuhi mtoto alikivuka akiimba, jioni chasukuma majabali makubwa.

Usiku wa tarehe 4 Machi 2001, huko Ureno, daraja la Hintze Ribeiro juu ya mto Douro lilianguka baada ya mvua kubwa. Lilikuwa limefunguliwa mwaka 1887. Basi moja na motokaa tatu zikatumbukia, na watu 59 wakapotea. Nguzo moja ilikuwa imechimbwa msingi wake, na sababu moja ilikuwa hii: kwa miaka mingi watu walikuwa wakichota mchanga mtoni kwa ajili ya kuuza. Mto uliopungukiwa mchanga ukajitafutia mwingine, ukauchukua chini ya nguzo. Waziri aliyehusika na ujenzi alijiuzulu. Nasi twawauliza vijana wachotao mchanga na kokoto karibu na madaraja ya kwetu: je, twajua tunachokichota?

Sasa tuje kwenye swali la pili. Daraja limeonekana kuwa dhaifu. Je, litengenezwe, au lijengwe jipya? Si kila daraja zee la kuangushwa. Mti wenye tawi bovu hukatwa tawi, haung'olewi. Kama misingi ni mizima na mihimili ni mizima, ni sakafu tu iliyochakaa, basi sakafu ifanywe upya, chuma kisafishwe na kupakwa rangi, na fedha iliyobaki ikatumike penginepo. Lakini kama msingi umechimbwa, au mihimili imeliwa, au daraja lilijengwa kwa magari madogo na sasa lapitwa na malori makubwa, basi kulitia viraka ni kutupa fedha mtoni. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ina upande wake wa pili: ukuta ukiwa umekwisha inama, kuziba ufa ni kujidanganya.

Tena yako mambo mawili mengine yanayoweza kulihukumu daraja hata likiwa na nguvu bado, nayo ni wembamba wake na mahali pake. Tutatoa mifano miwili ya huku kwetu Afrika ya Mashariki.

Mfano wa kwanza ni Rusumo, juu ya mto Kagera, mpakani mwa Rwanda na Tanzania. Daraja la zamani lilijengwa mwaka 1972. Lilikuwa na njia moja tu. Lori likitoka upande huu, la upande ule lilisimama likingoja. Na daraja hilo lina habari ya kukumbukwa: tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya Rwanda, wakimbizi kama 250,000 walivuka mpaka huo kuingia wilaya ya Ngara katika muda wa saa 24. Miaka ilivyokwenda, biashara ikakua. Bidhaa zitokazo bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali, na mbele hata Goma, hupita hapo. Sukari na bati la mtu wa Shasha yawezekana vilivuka Rusumo kabla ya kufika kwake! Daraja la njia moja likawa kama shingo ya chupa. Basi, kwa msaada wa serikali ya Japani, likajengwa jipya la njia mbili, lenye urefu wa mita 80, na marais wawili, John Magufuli wa Tanzania na Paul Kagame wa Rwanda, wakalifungua rasmi tarehe 6 Aprili 2016. Pamoja nalo ikajengwa nyumba ya forodha ambamo watumishi wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja. Hilo ni neno la busara: kwani yafaa nini daraja pana, kama malori yatasimama siku tatu mlangoni kwa ajili ya karatasi?

Mfano wa pili ni Wami, katika Tanzania, kwenye njia kuu itokayo Chalinze kwenda Segera. Daraja la mwaka 1959 lilikuwa na urefu wa mita 88 hivi, tena jembamba, magari yakipishana kwa zamu. Lakini ubaya wake mkubwa haukuwa katika chuma wala katika zege. Lilikuwa chini bondeni, na ili kulifikia ilibidi magari yateremke mteremko mkali wenye kona kali, kisha yapande tena. Malori mengi yalishindwa breki hapo, na watu wengi walipoteza maisha. Wahandisi wangaliweza kujenga daraja jingine la mita 88 pale pale, na hatari ingalibaki ile ile. Wao wakalijenga jipya juu zaidi, lenye urefu wa mita 510 hivi, pamoja na njia mpya za kulifikia, na magari yakaanza kulitumia mwaka 2022. Tazameni: urefu umekaribia kuwa mara sita, wala mto haukupanuka hata kidogo. Kilichovukwa sasa si mto peke yake, ni bonde. Fundi mwema haulizi tu, «Mto huu una upana gani?» Huuliza pia, «Watu hufia wapi?»

Tukisha kuamua kwamba daraja jipya lahitajika, kazi huendeshwa hivi.

Kwanza, kupima maji. Mhandisi huuliza: mto huu ukijaa sana, hufika wapi? Hutazama alama za matope kwenye miti na kuta, huwauliza wazee, hupima ukubwa wa bonde linalokusanya mvua. Kisha huchagua gharika ya kuijengea. Husemwa «gharika ya miaka 100», na wengi hudhani maana yake itakuja mara moja kila miaka 100. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka pana nafasi moja katika 100 ya kuja. Wanafunzi na wafanye hesabu: katika miaka 50 ya maisha ya daraja, nafasi ya kukutana na gharika hiyo ni karibu 40 kwa mia. Na kama fundi, kwa kupunguza gharama, amejenga kwa gharika ya miaka 10, basi katika miaka 20 nafasi ya kupatwa ni karibu 88 kwa mia. Daraja la bei rahisi hujengwa mara mbili.

Ndugu zetu wa Kalehe wayajua hayo kwa uchungu. Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha milimani, na mito ikashuka na mawe na matope juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, kwenye njia hii hii yetu ya ukingo wa ziwa. Watu zaidi ya 400 walikufa. Vijito vile katika siku za kawaida ni vidogo. Tena mlima ulionyang'anywa miti yake hauishiki mvua; huiteremsha yote kwa mara moja. Kwa hiyo apandaye miti juu mlimani amelisaidia daraja la chini bondeni, ijapokuwa hatalivuka.

Pili, kupima ardhi. Hutobolewa mashimo pande zote mbili za mto ili kujua kama chini pana mwamba, au changarawe, au matope ya ziwa. Karibu na Sake mna mawe ya volkano. Lakini mwamba huo mara nyingine una mapango na tabaka laini chini yake, haufai kuaminiwa kwa kutazamwa juu juu. Penye udongo mwororo nguzo hupelekwa chini sana hata zikutane na ardhi ngumu.

Tatu, kupima watu na mizigo. Hukaa mtu njiani siku kadha, akihesabu malori, pikipiki, motokaa, na wendao kwa miguu. Hapa twasihi jambo moja. Katika njia zetu wengi ni wendao kwa miguu: mama aliyebeba mihogo mgongoni, watoto wa shule, vijana wasukumao chukudu. Daraja lisilo na ujia wa pembeni kwa ajili yao ni daraja lililojengwa kwa ajili ya malori tu. Na ukingo wa mkono uwe na urefu wa kumzuia mtoto.

Nne, kuchagua mahali, na kuhifadhi njia wakati wa kazi. Mara nyingi daraja jipya hujengwa ubavuni mwa la zamani, ili lile zee liendelee kuvusha watu mpaka jipya limalizike. Kama nafasi haipo, hutengenezwa njia ya muda. Fundi abomoaye la zamani kabla ya kuandaa njia nyingine amewafungia watu mlango.

Tano, kujenga kwa majira. Misingi huchimbwa wakati wa kiangazi, mwezi wa Juni hata Agosti, maji yakiwa machache. Fedha zikichelewa zikafika Septemba, mvua zimerudi, na mwaka mzima umepotea. Zege nalo lina sheria zake. Halikauki kama nguo. Hukomaa, tena lahitaji maji ili likomae. Kwa hiyo humwagiwa maji au hufunikwa magunia mabichi kwa siku kadha. Mafundi huchukua kiasi kidogo cha zege, hulitia katika kibao, na siku ya 28 hulivunja kwa mashine ili kuijua nguvu yake. Hapo ndipo wizi wa saruji hujulikana, maana zege lililopunguziwa saruji halina jinsi ya kuficha uwongo wake.

Sita, kulinda kingo. Kuta za pande mbili na misingi huzungushiwa mawe makubwa, au vikapu vya waya vijazwavyo mawe. Katika nchi yetu mawe hayana haba, na kazi hiyo hufanywa na mikono ya wanakijiji wenyewe, nao wapate ujira wao.

Labda wengine watauliza: «Mbona huku kwetu huletwa madaraja ya vipande vya chuma, yaunganishwayo kwa siku chache?» Hayo mengi ni ya namna ya Bailey. Donald Bailey alikuwa mhandisi Mwingereza aliyeyabuni mwaka 1940 na 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kila kipande kina urefu wa mita tatu hivi na kimo cha mita moja na nusu, na uzito wa kilo 260 hivi. Watu sita waweza kukichukua. Hakihitaji winchi wala kuchomelewa. Huunganishwa kwa pini, na daraja zima husukumwa toka ukingo mmoja mpaka wa pili. Likihitajika kuwa na nguvu zaidi, vipande hupangwa safu mbili au tatu. Ni werevu mkubwa, nao umewaokoa wengi. Likianguka daraja leo, hakuna dawa ya haraka kupita hiyo.

Lakini tusisahau kwamba lilibuniwa kwa ajili ya askari wapitao, wala si kwa ajili ya mji wenye soko kwa miaka 40. Mara nyingi ni jembamba, la gari moja moja. Pini zake hulegea, vibao vyake huoza, na akipita dereva mmoja mwenye mzigo wa kupita kiasi, mhimili hupinda. Nchi ikiliweka la muda, imefanya vema. Ikilisahau hapo, imefanya vibaya. Daraja la muda liwe na tarehe yake ya kuondoka, kama mgeni mwenye adabu.

Na fedha zitoke wapi? Katika Kongo, Office des Routes, iliyoanzishwa mwaka 1971, ndiyo yenye kazi ya kuzitunza njia kuu. Mfuko wa kutunza barabara, uitwao FONER, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, nao hupata fedha kutoka kwenye mafuta ya motokaa na kwenye malipo ya njiani. Maana yake, kila mwenye pikipiki anunuapo lita moja ya mafuta, amechangia. Aliyechangia ana haki ya kuuliza, kwa heshima na bila matusi: daraja letu lilikaguliwa lini? Na nani? Na alisemaje?

Zamani wazee wetu waliwajua makantonye, watu wa vijiji waliopewa kila mmoja kipande chake cha njia, akifyeka majani, akizibua mifereji, akiondoa matope chini ya daraja. Kazi yao haikuwa na sifa. Hakuna aliyewapiga picha. Lakini njia nyingi zilisimama kwa ajili ya majembe yao. Siku hizi ziko kamati za vijiji za kutunza njia kwa mfano huo huo. Mahali zilipo, zisaidiwe. Mahali zisipokuwapo, watu waanze na mifereji, maana kuzibua mfereji hakungoji mhandisi.

Mwisho, twawapa walimu na wanafunzi kazi ndogo. Siku ya jua, wakati mto umepungua, nendeni pamoja na mwalimu mpaka kwenye daraja lililo karibu na shule, mahali ambapo hapana hatari. Msiingie majini. Mkiwa ukingoni, tazameni mambo haya na kuyaandika daftarini. Maji yamechimba karibu na nguzo kiasi gani? Je, msingi waonekana, nao mwaka jana haukuonekana? Pana matawi na takataka zilizonasa? Chuma kina kutu ya juu tu, au kinamenyeka vipande? Zege lina nyufa, na nondo zaonekana? Parafujo zipungukazo ni ngapi? Vibao vya sakafu vilivyovunjika ni vingapi? Kipo kibao kinachosema uzito unaoruhusiwa? Baada ya mvua kubwa rudini mkatazame tena, mkalinganishe. Daftari hilo lenye tarehe, likipelekwa kwa mkuu wa kijiji na kwa watu wa barabara, lina nguvu kupita malalamiko ya mwaka mzima. Kwa maana mkubwa aweza kusema hakuyasikia maneno, lakini ni vigumu kukana vipimo.

Na mwenye lori akilifikia daraja lenye kibao cha tani 10, naye amebeba 20, ashushe mzigo, auvushe kwa mara mbili. Atapoteza nusu ya siku. Akikataa, abiria wake na washuke wavuke kwa miguu kwanza, hata kama mvua inanyesha, hata kama dereva anakasirika.